Makao Mapya ya Aliyekatwa kwa Wino Mwekundu

Cherehani ilikuwa ikienda bila uzi. Fundi simu aliisikia kutoka chumbani, akadhani mkewe anaijaribu tu, akaendelea na yake.

Yake ilikuwa mchezo wa himaya za angani. Miaka miwili alikuwa ameucheza, na juma hilo ndipo alipojifunza kuubadili kutoka ndani: unafungua faili, unaandika jina la himaya mpya, unaandika nyota iliyo makao yake, unahifadhi, unawasha. Basi, umeshakuwa bingwa. Nyota aliipa jina la mkewe, maana mapenzi yalimzidi. Jina la himaya ndilo lililomshinda, na kwa uvivu wa kufikiri akachomoa kabatini daftari la mama mkwe, mganga aliyestaafu, akanakili jina la kwanza aliloliona limekatwa kwa wino mwekundu. Lilimpendeza. Hakujiuliza lilikatwa kwa nini.

Alihifadhi, akawasha, na kwenye kioo cha kompyuta nyota ikageuka nyekundu kabla hajagusa kitu kingine. Harufu ya nywele zilizoungua ikapita chini ya mlango.

"Mke wangu?"

Alipofika sebuleni alimkuta ameketi wima, sindano imezama kidoleni hadi ukuchani, damu inachuruzika juu ya gauni la mteja, naye hata uso hakukunja, anamtazama mumewe kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji, kisha akasema kwa sauti nene ambayo mumewe hajawahi kuisikia, "Ahsante kwa makao."

Mama mkwe alifika alasiri hiyohiyo. Aliliona daftari mezani kando ya kompyuta, na jina la bintiye kiooni, akaelewa.

"Mjinga wewe! Siku arobaini nilihangaika kumtoa jini huyo ndani ya mwanangu, wewe umemwandikia hati ya nyumba!"

"Nimfute, mama?" alinong'ona.

"Ukimfuta atamnyonga hapohapo. Mhamishe. Andika jina jingine la makao, la mtu aliye hai, hakai pasipo na pumzi." Akamkazia macho. "Andika lako. Wewe ndiye uliyemwita."

Fundi simu aliandika herufi mbili za jina lake, akazifuta, akaziandika tena, akazifuta, huku mama mkwe amempa mgongo, amemkumbatia bintiye waliyemlaza kitandani na kumnong'onezea dua, huku mkewe akikoroma kama anayekabwa na midomo ikimgeuka rangi, na woga ukamjaa fundi huyo hadi kwenye vidole, akaandika jina jingine kabisa, akahifadhi, akawasha.

Mkewe akavuta pumzi ndefu, akaanza kulia kwa maumivu ya kidole. Kilio chake mwenyewe, sauti yake mwenyewe. Mumewe alifurahi, na kwa kitambo kile hakumwonea aibu mtu yeyote.

"Mume wangu," mkewe alisema, uso umefukiwa kifuani mwa mama yake. "Mwambie mama aniachie. Ananivunja mbavu."