Chemchemi Hupimwa Kiangazi

Kila asubuhi Adela hufagia uwanja, huwasha moto na kuinjika maji ya uji. Maji hayo huyachota kwenye chemchemi iliyo chini ya migomba. Mwezi wa Mei, mvua za Kyela zinapokuwa nyingi, ndoo hujaa kabla hajamaliza kukaza khanga yake.

Adela na mumewe Lugano wanaishi uwanja mmoja na wazazi wa Lugano, Mzee Isack na Bibi Tusajigwe. Familia hii bado inashika mila ya ukwe. Mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani wala hawazungumzi. Huo si ugomvi, ni heshima. Mzee Isack akirudi kutoka ziwani huacha samaki mlangoni pa jiko na kusema kwa sauti, "Sijui kama humu kuna mtu anayependa mbasa!" Kisha huondoka haraka, akitabasamu.

Mwezi wa Mei alikuja Jubilate, fundi wa maji aliyehamishiwa Kyela kutoka Kilimanjaro. Kitongoji kilitaka kujenga bomba. Mzee Isack, mwenyekiti wa kamati ya maji, alimkaribisha barazani.

"Nimepima chemchemi," alisema Jubilate. "Ndoo ya lita ishirini imejaa kwa nusu dakika. Ni maji mengi."

"Si nilikuambia?" Mzee Isack alifurahi. "Yatatutosha sisi watu mia mbili. Tena kitalu changu cha miche ya kakao kitanyweshwa kwa bomba hilohilo. Tujenge, mwanangu."

"Na kiangazi, mzee?"

"Chemchemi hii haijakauka tangu enzi za babu yangu."

Jikoni, Adela aliacha kusonga ugali. Novemba iliyopita alisubiri sana kwenye foleni chemchemini, akakata tamaa, akachota maji machafu ya mfereji wa shambani. Mwanawe Aliko aliharisha hadi akalazwa. Bomba likijengwa kwa hesabu ya Mei, Novemba litakuwa kavu, na mtoto atarudi kwenye maji ya mfereji. Lakini angesemaje, na baba mkwe yuko barazani? Alimvuta khanga Bibi Tusajigwe, aliyekuwa naye jikoni.

"Mama, mwambie baba kwamba Novemba ndoo haijai hivyo."

Bibi Tusajigwe alisimama mlangoni. "Baba Lugano, jikoni wanasema Novemba ndoo haijai hivyo."

"Waulize, nani amewahi kuikuta imekauka?"

"Mama, haikauki, inachuruzika. Natega ndoo, nasuuza nguo ya Aliko, naianika, nikirudi bado haijajaa."

"Baba Lugano, anasema..."

"Nimesikia! Masikio yangu ni mazima!"

"Basi mbona mnanichosha?" Bibi alicheka.

Jubilate alitazama jikoni, akatazama baraza. "Samahani, mama. Mbona hawaongei wenyewe? Wanasikiana vizuri kabisa."

"Ndiyo heshima yetu, mwanangu. Mimi ndiye simu yao."

Wote walicheka, hata jikoni. Kisha Jubilate akamgeukia mzee. "Baba, mara ya mwisho ulichota maji lini?"

"Mimi? Nina mke, nina mkwe."

"Basi wanaoijua chemchemi ni wao. Nami nilipaswa kuwauliza kabla ya kupima. Chemchemi hupimwa wakati maji ni haba kuliko wakati wote. Kisha tunapiga hesabu ya mahitaji. Kila mtu tunamhesabia lita ishirini na tano kwa siku, za kunywa, kupika, kuoga na kufua. Watu mia mbili wanahitaji lita elfu tano. Chemchemi ikitoa pungufu ya hizo, bomba litatutia aibu."

"Tungoje mpaka Novemba? Wenzetu wa ng'ambo ya mto watatucheka!"

"Wacheke sasa, baba. Bomba likikauka watacheka zaidi."

Mzee Isack alikubali, ingawa kwa kunung'unika.

Novemba ilipofika, mzee alikwenda mwenyewe chemchemini pamoja na Jubilate. Bibi Tusajigwe alibaki nyumbani na mjukuu. Adela naye alikuja kuchota, lakini alipomwona baba mkwe alijificha nyuma ya migomba. Ndoo ilitegwa. Wakangoja, wakangoja tena.

"Maji yenyewe yanatembea kama bibi harusi!" alisema mzee.

Ndoo ilijaa kwa dakika nne. Jubilate alieleza taratibu. "Kwa saa moja ni ndoo kumi na tano, yaani lita mia tatu. Kwa usiku na mchana ni lita elfu saba na mia mbili. Watu wanahitaji elfu tano. Kitalu chako kinahitaji elfu tatu wakati wa jua kali. Jumla ni elfu nane."

"Hayatoshi."

"Kwa watu yanatosha, tukijenga tangi. Usiku watu hulala, lakini chemchemi hailali. Tangi litakusanya maji hadi asubuhi. Kwa watu na kitalu pamoja, hayatoshi."

Mzee Isack aliipenda sana miche ile. Kisha akageuza uso upande wa mto, akapaza sauti.

"Mama Lugano! Waambie walioko migombani kwamba kitalu nitakihamishia kando ya mto. Maji haya ni ya wajukuu."

Mama Lugano alikuwa mbali, nyumbani, akimlisha Aliko. Hata hivyo, sauti ndogo ilijibu kutoka migombani.

"Mama, mwambie baba, ndaga fijo, asante sana."

Jubilate aliinama, akajifanya anaosha ndoo, ili wasione machozi yake ya kicheko.

Kabla ya masika bomba na tangi vilijengwa, na chemchemi ikazungushiwa uzio ili mifugo isiingie. Novemba iliyofuata bomba halikukauka. Nyumba zote zilipata maji, hata siku moja ya msiba uliokusanya watu wengi, kwa sababu tangi lilikuwa na akiba. Hakuna aliyekwenda mferejini. Aliko alikunywa maji ya bomba kiangazi chote, na hakuharisha hata siku moja.