Vizibo Vyekundu vya Kichochoroni

"Mbona umeiruka nyumba ya fundi viatu? Ichore!"

Wanafunzi walikuwa wamepiga magoti sakafuni, wakichora mtaa wao kwa chaki na kusahihishana. Mchoro ulikuwa umefika kwenye kichochoro cha nyuma ya ghala la soda. Kando yao alisimama afisa ustawi wa jamii, mama mrefu kama mlingoti, na ndoo ya vizibo vya chupa.

"Cha kijani, mahali unapojisikia salama. Chekundu, mahali unapoogopa," alieleza. "Barabara kuu itafungwa kwa matengenezo. Halmashauri inataka mpite kichochoroni mkija shule. Nimekikagua, kina taa. Lakini wapitaji ni ninyi. Semeni."

Msichana mmoja alichukua kizibo chekundu. Wenzake walimwita Jasiri tangu siku alipoua nyoka chooni.

"Hee! Muua nyoka naye anaogopa?" Domo, jirani yake, alimcheka.

Jasiri akakirudisha upesi, akaweka cha kijani. Wengine wakamfuata. Kichochoro kikawa kijani kitupu.

"Basi, hakuna tatizo," afisa akasema, akifunga mkoba.

Jasiri akamkumbuka mdogo wake wa darasa la kwanza. Atapitaje pale peke yake?

"Mama afisa, nimedanganya. Pale naogopa." Akabadilisha kizibo chake.

Domo akanong'ona, "Hata mimi. Huwa nafumba macho, nakimbia."

Mkono mmoja ukanyooshwa, kisha mwingine, na mwingine. Kijani kikaondoka, kichochoro kikawaka kwa wekundu kama kaa la moto. Jasiri aliduwaa. Kumbe wote walikuwa wakikimbia, kila mtu na siri yake!

Mwalimu na afisa wakaongozana nao hadi kichochoroni. Makreti ya soda yalipangwa pande zote mbili za kichochoro kilichopinda, yakimfika afisa mabegani.

"Mbona naona mpaka mwisho?" afisa akauliza.

"Chuchumaa, mama," alisema Jasiri.

Afisa akachuchumaa. Mwisho wa kichochoro ukapotea. Taa ikapotea. Kila pengo kati ya makreti lilikuwa jeusi, lingeweza kumficha mtu yeyote.

"Nimepita hapa mara nyingi," alisema kwa sauti ndogo. "Leo ndiyo nimepaona. Hampiti hapa mpaka ninyi wenyewe mseme pamekuwa salama."

Mwenye ghala, aliyetoka kuwasikiliza, alijikuna kichwa. "Lakini nimeyapanga vizuri!"

"Vizuri kwa twiga, baba," alijibu Domo. Mwenye ghala akacheka, akaita wapagazi wake, wakaanza kuyahamishia ndani.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," mwalimu aliwaambia wanafunzi. "Lakini anayekilalia akinyamaza, nani atajua? Ukweli wa Jasiri mmoja umewafungua midomo wote. Huo ndio ujasiri mkubwa, kuliko wa kuua nyoka."

Jua lilipozama, upande mmoja ulikuwa wazi. Mdogo wake Jasiri, aliyekuwa amewafuata, akasimama katikati, akakaza macho.

"Dada! Naona mlango wa nyumba yetu!"

"Upande huu mwingine kesho," alisema mwenye ghala, akijifuta jasho.