Habari ya Visima Iliyotoweka

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Mama Nukta alilikunjua gazeti juu ya meza ya jikoni na kikombe kikamponyoka. Habari ya visima haikuwepo.

Jioni iliyotangulia, saa kumi na mbili kamili, yeye mwenyewe, msahihishaji wa gazeti hilo kwa miaka kumi na tisa, alikuwa ameusoma ukurasa wa kwanza na kuutia saini. Ulisema kiwanda cha betri kimetia sumu visima vitatu, watoto wanaumwa, na majibu ya maabara yapo. Sasa mahali pale palikaa picha ya mkurugenzi wa kiwanda akipanda mti, na maneno marefu ya kumsifu.

Ujumbe ukaingia kwenye simu. Ulitoka kwa mhariri mkuu: "Ukurasa umebadilishwa; umetumwa kwa mpiga chapa kutoka kompyuta ya msanifu; njoo saa mbili tumhoji."

Msanifu kurasa, ambaye ofisi nzima ilimwita Rula, alikuwa amekaa kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

"Ukurasa ulitumwa saa moja na dakika ishirini jioni," Mama Nukta alimwambia. "Ulikuwa wapi?"

"Hospitali, dada. Nilimpeleka mama mkwe." Akatoa karatasi ya mapokezi. Muhuri ulisema saa moja na dakika tano, na hospitali ilikuwa upande wa pili wa mji.

"Na nywila yako?"

Rula akaona haya. "Nimeibandika pembeni ya skrini. Nasahau sana. Kila mtu anaijua."

Mhariri mkuu, aliyesimama mlangoni, alitikisa kichwa. "Basi tumtazame mtu wa matangazo. Yeye ndiye rafiki wa kiwanda."

Mkuu wa matangazo hakuzunguka mbuyu. Ndiyo, mkurugenzi alimpigia jana saa kumi alasiri akafoka hadi simu ikapata moto. Ndiyo, alitaka habari ile ifutwe. "Lakini nilitoka saa kumi na mbili na nusu, mlinzi ameandika. Na mimi nitaandika nini, Mama? Kazi yangu ni 'wahi sasa, punguzo kubwa'."

"Sifa za mkurugenzi zilitoka wapi?"

"Kiwanda kilituma aya moja. Hii hapa. Nilimwachia bosi."

Mama Nukta aliichukua aya ile, akaiweka kando ya gazeti, akavaa miwani. Ya kiwanda ilikuwa sentensi nne, zote zikiishia kwa alama ya mshangao. Ya gazetini ilikuwa na aya saba, hazina hata mshangao mmoja. Akahesabu kitu kwa ncha ya kalamu. Akahesabu tena.

Saa nne aliwaita wote watatu ofisini kwa mhariri mkuu, akafunga mlango.

"Kuna nukta mkato tano humu," alisema, "na zote zimekaa panapostahili. Rula hajui hata kitufe chake kilipo. Waandishi wetu hawaigusi. Miaka kumi na tisa nasoma kazi za jumba hili, na anayeitumia ni mmoja. Ameitumia hata kwenye ujumbe wa leo asubuhi."

Mhariri mkuu akaketi polepole.

"Kiwanda kingeondoa matangazo yake yote," alisema. "Ningelazimika kuwaachisha watu wanane. Unajua jina la kwanza kwenye orodha ni la nani? Ni lako. Nilihitaji wiki moja tu, nitafute watangazaji wa kuziba pengo, halafu niichape habari."

"Wiki moja watoto wale wanakunywa nini?"

Mhariri mkuu alilipindua gazeti, picha ya mkurugenzi ikalalia meza.

"Na Rula je? Ungemwacha afukuzwe?"

"Ningemtafutia kazi kwingine."

Rula alicheka, kicheko kikavu kisicho na furaha, akatoka nje.

"Wewe ndiye uliyenifundisha kazi hii," Mama Nukta alisema, na sauti ikamtetemeka kwa mara ya kwanza. "Irudishe. Na useme nani aliitoa."

Habari ya visima ilichapwa kesho yake, na chini yake maelezo mafupi yaliyosainiwa na mhariri mkuu, ambaye alijiuzulu siku hiyohiyo. Kiwanda kiliondoa matangazo. Mwisho wa mwezi watu wanane waliachishwa, Mama Nukta akiwa wa kwanza.

Alikuwa akitia kamusi zake kwenye boksi mwandishi wa habari ile alipopiga simu kutoka visimani, akipiga kelele kushinda muungurumo wa malori.

"Wamevifunga, Mama! Maji safi yamefika, na madaktari wanapima watoto!"

"Wangapi?"

"Kama mia mbili hivi."

Mama Nukta aliketi juu ya boksi na kujifuta macho kwa kiganja.

"Usiandike 'hivi'," alisema. "Nenda kawahesabu."