Kuni za Mzazi

Moto ulianza saa nne kasorobo asubuhi, kwenye bonde la chini la Kirwangwa, pale mrina asali mmoja alipoangusha kienge chake cha moto juu ya nyasi kavu. Kabla hajamaliza kuvua shati ili aupige nalo, mlima wote ulikuwa umekwisha kujua. Vinusamoshi, vile vijiti vyembamba vya chuma vilivyochomekwa ardhini kila baada ya hatua mia mbili, vilikuwa vimeuonja moshi hewani na kupeleka habari kileleni. Mlango wa ghala la huko ukafunguka wenyewe. Ndegemaji watatu, mitambo irukayo bila rubani, wakatoka, wakashuka kimya kwa mstari ulionyooka, wakamwaga ukungu mzito wa maji juu ya bonde. Mrina asali alibaki amesimama, ameloa chapachapa, shati mkononi, akilitazama jivu lenye ukubwa wa mkeka.

Mhandisi Kiangi alilifuatilia tukio lile kutoka barabarani, jicho kwenye saa. Sekunde tisini na moja. Aliziandika, akafunga kibao chake cha kidijitali na kuendelea kupanda. Hakutabasamu. Kazi iliyofanyika kama ilivyopaswa kufanyika haikuwa, kwake, jambo la kushangilia.

Ilikuwa mwaka 2094, na milima ya Upare ilikuwa imekauka kuliko wazee walivyopata kuijua. Kiangi ndiye aliyeibuni mashine iliyowaongoza ndegemaji. Aliiita Mpimaji, kwa sababu kazi yake ya kwanza haikuwa kuzima bali kupima. Maji ya ghala la kilele hayakutosha kulinda kila nyumba siku ya moto mkubwa. Hilo lilikuwa jambo la hesabu, wala halikuwa na mjadala. Kwa hiyo kila siku ya sita, alfajiri, Mpimaji ilizikagua nyumba zote kutoka angani na kuzipa daraja. Nyumba iliyofyekewa nyasi hatua kumi kila upande, yenye mifereji ya bati iliyosafishwa, matundu ya dari yaliyozibwa kwa wavu wa chuma, na ukuta usioegemezwa kitu cha kuwaka, ilipata kijani. Iliyozembea ilipata nyekundu. Moto ukija, ndegemaji walilinda kijani.

Watu wengi waliona utaratibu huo ni mkali. Kiangi aliuona ni wa haki. Alikuwa amekulia katika shule ya bweni ambako kitanda kisichotandikwa hakikuulizwa sababu, na aliamini kwamba kila kilichonyooka ndani yake kilinyooshwa kule. Wajumbe wa kamati ya Mamlaka ya Moto walipotaka kuwe na ufunguo wa mkono, ili ofisa aweze kuiamuru mashine kinyume cha madaraja, ni yeye aliyesimama na kuupinga hadi ukafutwa. Ufunguo huo, aliwaambia, ungegeuka mlango wa shemeji na wajomba.

Jumatano ile alikuwa amekuja kukagua kijiji alichozaliwa. Alifikia kwa dada yake mkubwa, Nakijwa, mjane mwenye sauti ndogo na mikono mikubwa. Nyumba arobaini na moja kati ya arobaini na mbili za Kirwangwa zilikuwa safi. Moja ilikuwa nyekundu, nayo ilikuwa hatua chache tu kutoka kwa Nakijwa: nyumba ya mwanawe, Eliamini, aliyekuwa kazini kwenye kituo cha angani hadi mwezi wa kumi na moja. Ndani alilala mkewe, Navoneiwa, mzazi wa siku ishirini. Nje, ukutani, kuni zilikuwa zimepangwa kuanzia chini hadi kwenye ukingo wa paa, upana wa chumba kizima.

Kiangi alizijua kuni hizo. Kirwangwa, mwanamke akijifungua, ukoo wa mumewe humpangia kuni kwenye ukuta wa chumba anacholala, na mpita njia akiziona hujua kwamba mzazi huyu ana watu. Hata kijiti kimoja hakitoki chini ya paa mpaka miezi yake mitatu ya ndani itimie. Kuni za mzazi zikilala nje mahali pa wazi, maana yake ni moja: wakwe wamemkataa.

"Dada, hizi ziondoke kabla ya alfajiri ya Jumamosi," alisema.

"Zinaondokaje, mdogo wangu? Mzazi yumo ndani."

Alimweleza kwamba zinaweza kujengewa kibanda hatua thelathini kutoka ukutani. Nakijwa akamuuliza kibanda hicho kitajengwa na nani kwa siku mbili, mwenye nyumba akiwa angani anatengeneza mitambo. Kisha akapunguza sauti zaidi.

"Wewe ndiye mwenye mashine. Iambie ifumbe jicho moja, miezi miwili tu."

"Haina jicho la kufumba. Ndiyo maana niliitengeneza."

"Basi fumba la kwako."

Kiangi alimjibu kwa urefu. Alisema akimfumbia jicho mke wa mpwa wake leo, kesho atalifumba kwa ajili ya mkubwa fulani, na maji ya mlima mzima yatafuata majina ya watu. Nakijwa alimsikiliza hadi mwisho, akizikung'uta kiganja kwa kiganja chembe za magome zilizomng'ang'ania.

"Sawa, Mhandisi," alisema.

Katika maisha yao yote hakuwahi kumwita hivyo.

Ijumaa jioni Kiangi aliporudi kutoka kukagua vinusamoshi vya upande wa pili wa mlima, aliukuta ukuta ule mtupu, umefagiliwa. Alihisi heshima kwa dada yake, na nafuu ambayo hakutaka kuikiri. Wakati wa chakula alimshukuru. Nakijwa akamwongezea mboga. Kuni zile zimekwenda wapi, Kiangi hakuuliza.

Alfajiri ya Jumamosi alifungua kibao kabla hata hajanawa uso. Aliitafuta nyumba ya Navoneiwa. Kijani. Akakifunga. Mtu aliyekwisha kupima maelfu ya nyumba bila kupendelea hata moja, asubuhi ile aliangalia moja tu.

Saa nne upepo uliamka tambarare. Ulikuwa upepo wa joto, na ulipofika kijijini ulileta harufu kabla ya kuleta moshi. Moto ulikuwa umevuka barabara kuu huko chini na kuingia kwenye mabua, na sasa ulipanda. Moto wa mlimani haupandi kama mtu apandavyo, kwa kuchoka. Joto lake hutangulia mbele, hukausha kilichoko juu, na kila hatua huikuta njia imekwisha kuandaliwa. Kiangi alikadiria dakika hamsini kabla haujafika. Barabara pekee ya kushuka ilikuwa imekwisha kufunikwa na moshi. Juu ya kijiji kulikuwa na msitu wa misindano yenye utomvu unaowaka upesi, mahali pabaya kuliko pote pa kukimbilia.

Ghala la kileleni likafunguka na ndegemaji wote wakatoka, mia moja na ishirini, wakipanga safu zao vizuri mno. Watu walitoka nje kuwaona. Safu ikapita juu ya Kirwangwa, kivuli chake kikatambaa juu ya mabati, ikaendelea moja kwa moja hadi kijiji cha jirani.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Sempombe, aliifuata kwa macho hadi ikatua.

"Mhandisi," aliuliza kwa adabu, "hawa wanakwenda wapi?"

Kiangi alifungua kibao, na mara hii aliitazama ramani yote. Nyumba moja ilikuwa ya kijani. Arobaini na moja zilikuwa nyekundu. Alitembea hadi nyumba ya karibu, akazunguka nyuma, akainama chini ya ukingo wa paa. Mzigo mmoja wa kuni ulikuwa umeegemezwa ukutani, umefungwa vizuri kwa kamba ya mgomba. Akaenda nyumba ya pili. Mzigo mmoja. Ya tatu vivyo hivyo.

"Tuligawana," Nakijwa alisema nyuma yake. "Hazitakiwi kutoka chini ya paa. Basi zikalale chini ya mapaa ya wenzake, mpaka utakapoondoka."

"Mimi nilichukua miwili," Sempombe alisema. "Nilitaka nionekane mtu wa watu."

Hakuna aliyecheka, lakini wawili watatu walimtazama kwa upendo.

Kiangi aliijua kanuni iliyokuwa ikifanya kazi wakati ule. Ilikuwa Kanuni ya Tisa, na aliiandika kwa mkono wake mwenyewe: kijiji ambacho zaidi ya nusu ya nyumba zake ni nyekundu kisilindwe, maji yapelekwe mahali yanapoweza kushinda. Upimaji mwingine ulikuwa baada ya siku sita. Alipiga simu Mamlaka ya Moto, akapokewa na kijana mwenye sauti ya heshima. Alieleza jambo lake kwa ufupi.

"Samahani sana, Mhandisi," kijana alisema. "Ufunguo wa mkono haupo. Sababu zake tulisomeshwa kutoka kwenye kitabu chako."

Kiangi alimshukuru na kukata simu. Kwa mara ya kwanza tangu utoto wake alisimama mbele ya watu bila kujua la kuwaagiza.

Mlango wa nyumba ya kijani ulifunguka. Navoneiwa alitoka akiwa amejifunga kanga mbili, mtoto kifuani, akifinya macho kwa mwanga ambao hakuwa ameuona kwa siku ishirini na tatu. Wanawake walisogea kumrudisha ndani. Yeye akampita kila mmoja hadi kwa Kiangi.

"Mjomba, kuni ni zangu. Zitieni ndivani."

Ndiva lilikuwa bwawa la kumwagilia mashamba, pembeni mwa kijiji. Nakijwa alishika mdomo.

"Mwanangu, watu watasema tumekukataa."

"Watakaosema ni hawa hawa waliozibeba, mama. Ningewaambia hivyo tangu Jumatano, ila hakuna aliyekuja kuniuliza."

Sempombe alitoa baragumu la msaragambo, lile liitalo watu kwenye kazi za pamoja, ambalo kwa miaka kumi na minane ya ndegemaji lilikuwa halijapigwa kwa ajili ya moto. Lilitoka na vumbi kwanza, kisha sauti. Ndani ya robo saa mizigo yote ilikuwa majini. Kiangi alivua koti, akalikunja, akaliweka juu ya jiwe. Kisha aligundua kwamba alikuwa akimsubiri dada yake aseme lifuatalo, na kwamba watu wote walikuwa wakimsubiri huyo huyo.

Nakijwa, aliyepigana na mioto ya kabla ya ndegemaji, aliwapanga kwenye njia ya miguu iliyopita chini ya nyumba za mwisho. Njia ipanuliwe hadi hatua sita, alisema, ibaki udongo mtupu. Vijana wenye matawi mabichi na ndoo wakae nyuma yake. Baada ya hapo utawashwa moto wa kupokea, ushuke kuukuta ule unaopanda, ule unaopanda ufike ukose chakula.

"Asiwashe mtu sasa hivi," alionya. "Upepo ungali unatupandia. Tazameni migomba. Moto mkubwa ukikaribia utavuta hewa kwake, na majani yatageuka kuelekea chini. Hapo ndipo."

Walilima kwa kasi na bila maneno. Moshi ulishuka hadi kimo cha mabega. Nakijwa alisimama na kienge kinachofuka, macho kwenye mgomba mmoja uliopinda. Jani lake lilipepea kuelekea juu, likasita, likaning'inia. Kisha polepole likageukia bonde.

Kiangi alinyoosha mkono. "Nipe mimi."

"Hujui kuwasha."

"Nielekeze. Lakini mkono uwe wangu."

Alimweleza sheria upesi. Kuwasha nyasi za mlimani kwa kukusudia kulikatazwa kabisa. Mwenye kuwasha hupoteza haki zake zote mbele ya mitambo, ya kulindwa nayo hata ya kuitumia. Asipojulikana, kijiji chake hakilindwi kwa miaka mitano. Nakijwa alimtazama kana kwamba anamtafuta mtu fulani usoni mwake.

"Anzia kule mwisho, mdogo wangu," alisema, akampa kienge. "Tembea, usikimbie."

Alitembea. Nyasi zilishika moja baada ya nyingine, na ule mstari mwembamba wa moto, badala ya kuwageukia, ulianza kushuka bondeni. Mioto miwili ilikutana chini ya shamba la kahawa kwa mngurumo ambao watu waliusikia kwa miguu. Halafu ukimya.

Nyumba arobaini na moja zilibaki. Iliyoungua ilikuwa ya Sempombe. Cheche moja iliruka juu ya njia na kutua kwenye mfereji wa bati lake, mahali palipokuwa na konzi ya majani makavu ambayo hakuyaona. Hakuna aliyeumia.

Saa saba Mpimaji iliandika kwenye kibao: *Moto wa pili uliwashwa na mtu. Taja jina.* Kiangi alijaza majina yake matatu na namba yake ya uhandisi. Wakati anaandika herufi ya mwisho, mawazo yake yalikuwa yamekwisha kufika kwenye Kanuni ya Tisa. Aliona mahali pa kuirekebisha, na jinsi. Akabonyeza. Kibao kikazimika, na hakikuwaka tena kwa mkono wake.

Aliomba karatasi. Nakijwa alimletea daftari la kwaya, kurasa za nyuma zikiwa bado nyeupe. Kiangi aliketi juu ya kinu kilicholala ubavu, vidole vyeusi kwa masizi, akaandika kwa mwandiko ule ule ulionyooka aliofundishwa utotoni: *Kwa Mkuu wa Mamlaka. Kanuni ya Tisa niliitunga mimi. Ina kosa, na nyumba arobaini na mbili zingeteketea kwa kosa hilo bila mashine kuharibika popote. Mimi siwezi tena kuirekebisha. Naeleza hapa chini jinsi ya kuirekebisha, na kwa nini pawepo mtu wa kuulizwa.* Kurasa nne zilijaa. Alizisoma, akafuta neno moja la kujitetea, akatia sahihi.

Alikuwa akiwaza nani wa kuzipeleka Sempombe alipokuja, nguo zinanuka moshi, akaketi kando yake. Walitazama kwa muda mahali ambapo paa lake lilikuwa.

"Lete hizo karatasi," Sempombe alisema. "Nitazipeleka wilayani mwenyewe. Mimi leo sina mlango wa kufunga."

Kiangi alisimama wima, akamkabidhi kwa mikono miwili.