Alama ya Vema ya Ijumaa

Kila siku ya kazi, saa kumi na moja jioni, gari jeupe la kukodisha kwa harusi liliingia mtaa wetu wa Smethwick, Uingereza, polepole, kwa mwendo wa bwana harusi. Tejpal, dereva wake, alilisimamisha mbele ya nyumba ya mwenye gari, Bwana Sukhdev, akalifuta vumbi hata kama halikuwa na vumbi, kisha akagonga mlango. Ravneet, binti wa mwenye gari, alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kazi yake ilianzia hapo mlangoni.

Gari lile halikuwa na ufunguo wa kuchomeka. Lilikuwa na kidude cheusi cha kuweka mfukoni. Ukikaribia nacho, ukashika kishikio, mlango unafunguka. Ukikaa ndani, unabonyeza kitufe na injini inawaka. Raha tupu, ila wezi nao wanapenda raha. Mmoja husimama na antena karibu na mlango wa nyumba, akayanasa mawimbi ya ufunguo ulio ndani, akamrushia mwenzake aliyesimama kando ya gari. Gari hudhani mwenye ufunguo amefika. Halipigi kelele wala kioo hakivunjwi. Linaondoka tu.

Kwa sababu hiyo Bwana Sukhdev alinunua mfuko mdogo wenye bitana ya metali, unaozuia mawimbi yasitoke nje. Mfuko wa namna hiyo huchakaa kwenye mkunjo, na ukichakaa huwezi kujua kwa kuutazama. Ndiyo maana Ravneet alipewa kazi ya kuujaribu kila jioni, Tejpal akishaondoka: autie ufunguo ndani, aende nao hadi kwenye gari, avute kishikio cha mlango. Mlango ukikataa kufunguka, mfuko ni mzima. Kisha aweke alama ya vema kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye friji. Kazi ya dakika mbili.

Baada ya hapo mfuko ulitundikwa kwenye msumari kando ya mlango wa mbele, chini ya picha ya Guru, mwalimu mtakatifu wa dini yao ya Sikh. Hilo lilikuwa agizo la bibi yake Ravneet. Kila kitu cha maana katika nyumba ile kilikaa chini ya picha ile kipate baraka, na ufunguo wa gari linalowalisha wote usingeachwa nje ya baraka hizo. Bwana Sukhdev alijua kwamba msumari ule ulikuwa hatua chache tu kutoka barabarani. Lakini hakuwahi kumshinda mama yake kwa ubishi tangu azaliwe, akaona mfuko utatosha.

Mwezi wa kwanza Ravneet aliujaribu kila siku. Mwezi wa pili akaanza kuchoka. Mlango haukuwahi kufunguka hata mara moja, sasa kutoka nje kwenye mvua kulikuwa na faida gani? Akawa anaweka alama bila kutoka. Baadaye akaona hata hilo ni usumbufu. Jumatatu akichukua kalamu yake ya kijani, alijaza visanduku vya wiki nzima kwa mkupuo mmoja, na hakuna aliyegundua. Watu wa nyumba ile waliipita friji mara hamsini kwa siku wakitafuta maziwa, si alama.

Alhamisi moja, saa kumi na mbili na nusu jioni, familia ilikuwa jikoni upande wa nyuma ikila chapati na dengu. Mlango uligongwa. Alikuwa Bwana Dhaliwal, jirani wa upande wa pili, ambaye binti yake alikuwa aolewe Jumapili na kuondoka kwa gari lile lile.

"Sukhdev, gari umelipeleka wapi?"

"Lipo hapo nje."

"Hapo nje pana mahali pake tu, ndugu yangu. Gari halipo."

Bwana Sukhdev alitoka na kipande cha chapati mkononi. Barabara ilikuwa tupu. Akarudi ndani mbio, akafungua mfuko kwenye msumari. Ufunguo ulikuwemo.

Polisi walimtuma Konstebo Whitlock, mwanamke mrefu asiyependa kukaa. Aliuliza maswali yake akiwa amesimama katikati ya jikoni, na bibi akamwekea chai ambayo hakuigusa.

"Kuna vipande vya kioo barabarani?"

"Hakuna, afande," alisema Bwana Sukhdev.

"Funguo ziko ngapi?"

"Mbili. Huu wa nyumbani, na mwingine anao dereva wangu."

Tejpal aliitwa kwa simu, akafika akihema, ufunguo wa pili mkononi.

"Na huu mfuko wenu unafanya kazi?" aliuliza konstebo.

"Binti yangu anaujaribu kila jioni. Tazama mwenyewe."

Konstebo akaitazama karatasi kwenye friji, mistari ya alama za kijani, safi, bila pengo. Akaandika kitu, kisha akamgeukia Tejpal.

"Kama mfuko ni mzima, basi gari limefunguliwa kwa ufunguo wako. Leo umemwazima nani?"

"Sijamwazima mtu. Ulikuwa mfukoni mwangu."

"Saa kumi na mbili ulikuwa wapi?"

"Kwangu. Nilikuwa napika."

"Na nani?"

"Peke yangu, afande. Mimi nakula peke yangu siku zote, muulize yeyote."

Hakuna aliyecheka. Bwana Sukhdev aliitazama karatasi kwenye friji, akamtazama Tejpal, akatazama sakafu. "Tejpal, acha ufunguo mezani," alisema. "Usije kazini kwanza, mpaka mambo yaeleweke."

Tejpal alikuwa amefanya kazi pale miaka sita. Ndiye aliyemfundisha Ravneet kuendesha baiskeli, akikimbia nyuma yake na viatu vyake vya kazi. Aliuweka ufunguo mezani.

Ravneet alikuwa amesimama kando ya friji, na ndipo alipokiona kisanduku cha Ijumaa. Kilikuwa na alama ya vema. Konstebo alikuwa ameitazama karatasi, na baba yake pia, lakini hawakuona kwamba kesho ilikuwa imeshajaribiwa. Alilohitaji ni kunyamaza tu. Kukicha itakuwa Ijumaa, na hakuna mtu duniani atakayejua. Lakini Tejpal alikuwa anavuta zipu ya koti lake aondoke, na zipu ilikuwa imekwama, na alikuwa anaihangaikia.

"Baba," alisema Ravneet. "Leo ni siku gani?"

"Si wakati wa maswali, mwanangu."

"Leo ni Alhamisi. Ijumaa nayo ina alama."

Bwana Sukhdev alikwenda kwenye friji, akaweka kidole kwenye kisanduku, akakiacha hapo.

"Niliziweka zote Jumatatu," alisema Ravneet. Sasa alikuwa analia. "Sijaujaribu mfuko wiki tatu. Kaka Tejpal hajafanya kitu."

Konstebo Whitlock alifunga daftari lake. "Nani hapa ana gari lingine lenye ufunguo wa namna hii? Tuujaribu mfuko."

Bwana Dhaliwal alikuwa nalo. Ufunguo wake ulitiwa kwenye mfuko, na wote wakatoka nje. Konstebo alimpa Ravneet mfuko aubebe mwenyewe. Ravneet alisimama kando ya gari la jirani, akavuta kishikio. Mlango ukafunguka taratibu, na taa ya ndani ikawaka kumkaribisha.

"Basi ni watu wa antena," alisema konstebo. "Na hao nawajua tabia. Hawafiki mbali siku ya kwanza. Wanalificha gari siku mbili tatu kwenye maegesho yenye magari mengi, waone kama kuna mtu analifuatilia. Kwa hiyo tutafute kuanzia sasa." Akamgeukia Tejpal. "Wewe nimekusumbua bure. Samahani."

Tejpal alimgeukia Ravneet. "Ulikuwa unajua tangu nilipoingia?"

"Ndiyo."

"Ilikuwa kama dakika kumi hivi," alisema Tejpal. "Zilikuwa ndefu."

Madereva wa magari ya harusi wanajuana wote. Siku iliyofuata waligawana maegesho ya mji na ya miji jirani, na Tejpal mwenyewe ndiye aliyeliona, ghorofa ya tatu, maegesho ya karibu na stesheni ya treni. Namba zilikuwa zimebadilishwa. Lakini chini ya bampa ya nyuma kulikuwa na kipande cha utepe wa dhahabu wa harusi iliyopita, ambacho alikuwa amekihangaikia wiki nzima bila kukitoa. Hakuligusa gari. Aliwaita polisi, akasimama palepale.

Jumapili binti wa Bwana Dhaliwal aliondoka kwao kwa gari jeupe. Kaka zake walilisukuma hatua chache kama ilivyo desturi, wakijifanya wana nguvu, na Tejpal alikuwa kwenye usukani.

Jioni ile Bwana Sukhdev alibandika karatasi mpya kwenye friji. Alikuwa amenunua kopo la chuma badala ya mfuko, na kufuli kubwa la usukani. Lakini kopo litundikwe wapi? Alimweleza mama yake, kwa sauti ya chini sana, kwamba ufunguo lazima ukae nyuma ya nyumba, mbali na barabara. Bibi alifikiri, akaenda mlangoni, akaishusha picha ya Guru na kuja nayo jikoni.

"Ufunguo utakaa chini yake," alisema. "Hata huku nyuma anaona."

Kisha Bwana Sukhdev akamkalisha binti yake mezani.

"Nilimtendea Tejpal vibaya, na nimekwisha kumwomba radhi. Lile ni kosa langu. Sasa sikiliza lako. Kilichonikasirisha si kwamba hukutoka nje. Mtu huchoka. Ungeacha kisanduku kitupu, kingeniambia: Sukhdev, inuka ukajaribu mwenyewe. Alama yako iliniambia nikae nile. Ukiandika kazi imefanywa, kuna mtu anaegemea maneno yako, na huenda humjui. Safari hii niliegemea mimi, akaanguka Tejpal."

Ravneet alisema amesikia, na baba yake akampa kalamu.

Wiki tatu baadaye Ravneet alirudi kutoka kuogelea akiwa na homa, akaenda moja kwa moja kitandani. Bwana Sukhdev alifungua friji kutafuta maziwa, akaifunga, akaitazama karatasi. Kisanduku cha siku ile kilikuwa kitupu. Akavaa viatu, akachukua kopo chini ya picha, akatoka nje kwenye mvua kuvuta kishikio cha mlango.