Mkia wa Jina la Zita

Jumamosi ile soko la matunda la Bolzano, mji wa kaskazini mwa Italia, lilikuwa limefurika, na Ivo, mchonga mawe ya makaburi, alipita katikati ya watu akiwa na vumbi la marumaru mpaka kwenye nyusi. Binti mmoja, gauni la buluu, aproni nyeupe pee, alimpimia matufaha huku akijizuia kucheka.

"Kaka, umetoka kaburini?"

"Nimetoka kuwaandikia majina waliomo. Na wewe waitwa nani?"

"Zita. Ila usiniandike bado!"

Tangu hapo simu ya baa iliyokuwa chini ya chumba cha Ivo haikupumzika. Ivo Mtaliano, Zita Mjerumani wa milimani, na kila mmoja akamvisha mwenzake jina lenye mkia wa kwao. Kwa Ivo, Zita akawa Zitina, Zita kadogo, kwa mkia wa -ina. Kwa Zita, Ivo akawa Ivele, Ivo kadogo, kwa mkia wa -ele.

"Mkia wangu nimeurithi Roma ya kale," Ivo alijigamba.

"Wangu umeshuka mlimani na ng'ombe. Ndiyo maana una nguvu!"

Ivo akifakamia chakula, Zita aliazima mkia wa Kitaliano wa vitu vikubwa: "Ivone! Bonge la Ivo!" Akichelewa, aliazima ule wa vitu vibaya: "Ivaccio!"

Jumapili ya kwenda kuposa kwa kina Zita, Ivo alivaa suti ya marehemu baba yake. Mezani ulimi ukamponyoka: "Zitina, nisogezee chumvi."

Mama Kreszenz, mama yake Zita, akaweka kijiko chini. Utotoni, enzi za mashati meusi, Mafashisti wa Italia waliopiga marufuku majina ya Kijerumani, mwalimu alimchapa fimbo mpaka akaitikia Crescenzia, jina lake kwa Kitaliano.

"Mwanangu havishwi mkia wa Kitaliano nyumbani kwangu. Na kumuoa, sahau."

Zita akainamia sahani, kimya. Kimya hicho ndicho kilichomchoma Ivo. Siku nyingi simu ililia na hakushuka, mpaka mwenye baa akamfokea, ndipo akashuka kuipokea.

"Ivaccio wangu." Sauti ilikuwa nyembamba, yenye kikohozi. "Bado umeninunia?"

"Ulinyamaza, Zita."

"Niliogopa. Lakini leo nimemwambia mama: nitaolewa na wewe, apende asipende. Ngoja kifua kipoe tu."

"Pona upesi, Zitina."

Hakupona. Nimonia ilimchukua kabla theluji haijayeyuka.

Ivo alichonga jiwe bila kuagizwa na mtu. Mchana mmoja Mama Kreszenz, mtandio mweusi kichwani, akaingia karakanani.

"Jiwe la mwanangu," alisema, akiangalia sakafu. "Andika Zitina. Homa ilipopanda, hilo ndilo jina alilojiita."

Ivo akavuta turubai lililofunika jiwe. Kwenye marumaru nyeupe, kwa herufi zilizozama, palisomeka ZITELE.

"Nimeshaandika lenye mkia wa kwenu, mama."

Mama akapitisha kidole juu ya herufi, moja moja.

"Si ungeniambia mapema, mwanangu?"

"Si ungenikaribisha mapema, mama?"

Kicheko kikamtoka mama, kifupi, kikageuka kilio kabla hajakimaliza. Kisha akavua mtandio wake mweusi, akamfuta Ivo vumbi kwenye nyusi.