Dirisha la Chumba cha Gundi

Mwidani alikanyaga buibui la Mwanatatu kabla hajamwona uso. Ilikuwa Jumamosi, soko la Kongowea limefurika, wachukuzi wanapiga kelele za kuomba njia, na harufu ya maembe yaliyoiva kupita kiasi imetanda kila mahali.

"Kaka, huo ni mkeka wa kwenu?"

Mwidani akaruka. Mbele yake alisimama msichana mrefu, ncha ya gauni la maua ya manjano ikichungulia chini ya buibui, kapu mkononi, hina vidoleni imeanza kufifia.

"Nisamehe, dada. Wallahi sikuona."

"Macho makubwa yote hayo, na huoni?"

"Yalikuwa yatazama nyanya."

"Basi nyanya zina bahati," akasema, akakusanya buibui lake na kwenda zake.

Nyanya Mwidani hakununua. Alimfuata hadi kwa wauza leso, akambembeleza, akaruhusiwa kubeba kapu. Njiani akaambiwa jina, akaambiwa ni mtu wa Likoni, akaambiwa kwamba Jumatatu anaanza kazi Changamwe kwenye karakana ya milango.

"Karakana ya nani?"

"Ya Bwana Ngala. Wamjua?"

Mwidani alicheka hadi wapita njia wakamtazama. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa presi kwa huyo Bwana Ngala.

Karakana ilikuwa imepata kazi nono ya hoteli moja mpya Bamburi. Walitakiwa kutengeneza milango ya kuzuia moto, ile mizito ambayo chumba kimoja kikiwaka, watu wa chumba cha pili wanapata nafasi ya kukimbia. Ndani ya kila mlango hulazwa bamba nene lisiloungua, mbao nyembamba huwekwa juu na chini, kisha vyote hubanwa kwenye presi mpaka gundi ikauke. Gundi yenyewe huja kwa makopo mawili. Kopo moja ni gundi, la pili ni dawa ya kuigandisha, na lazima vipimwe kwa mizani ndipo vichanganywe. Mwanatatu alipewa mizani hiyo pamoja na chumba kidogo chenye dirisha moja, nalo limezibwa kwa ubao.

Hawakuchukua muda kupendana. Mchana walikula pamoja wali wa nazi aliokuja nao Mwanatatu, na Jumapili Mwidani alimpigia simu dukani kwa Bi Mwanarehema, shangazi yake Mwanatatu, alikosaidia kuuza.

"Mbona simu imelia sana? Ulikuwa na nani?"

"Na mteja wa sukari, roho yangu."

"Mwanamume?"

"Ana ndevu nyeupe na meno mawili. Nikupe usalimiane naye?"

Mwanatatu alifanya mzaha, lakini Mwidani hakuwa na mzaha. Wivu wake ulikuwa wa kutia aibu. Dereva wa lori la mbao alikuwa na tabia ya kuingia chumba cha gundi kusalimu, na salamu zake zilikuwa ndefu. Kila alipoingia, Mwidani aliona mlango tu, na nyuma ya mlango huo akajitungia mambo ambayo hata shetani angeona haya kuyasimulia. Asubuhi moja alichukua bisibisi, akaung'oa ule ubao wa dirishani.

"Nimekufungulia upate upepo, kipenzi. Harufu hii itakuua."

Machozi yalimlenga Mwanatatu. Katika karakana nzima hakuna mwingine aliyewahi kukifikiria kifua chake. Alimpenda Mwidani maradufu tangu siku hiyo, naye Mwidani, kutoka kwenye presi yake, akawa anaona kila aingiaye, amekaa kiasi gani na amechekewa vipi.

Masika yakaingia, na gundi ikaharibika. Ilifanya povu, ikafura kama andazi. Milango ilitoka kwenye presi ikionekana mizima, lakini ukiigonga inalia tupu, na ukitia patasi ukingoni ubao unabanduka bila taabu. Mingine ilikuwa imeshapelekwa Bamburi. Bwana Ngala, mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu, alikuja hadi mlangoni kwa Mwanatatu.

"Binti, wewe ndiwe upimaye. Mizani waitazama au watazama kioo?"

"Naitazama, bwana. Sijakosea hata mara moja."

"Basi gundi imejikosea yenyewe? Nimemwita mtu wa kampuni ya gundi. Akisema ni mkono wako, uende kwenu."

Mwanatatu hakulala usiku huo. Mshahara wake ndio uliokuwa ukiwasomesha wadogo zake, na kuitwa mzembe kulimuuma kuliko kufukuzwa.

Mtu wa kampuni alifika kutoka Nairobi. Aliitwa Gershom. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikunjo yake ingekata mkate, tai ya buluu, na marashi yaliyomtangulia mlangoni.

"Sasa, madamu," akamwambia Mwanatatu, "hebu nionyeshe vile unafanyanga."

Walifanya kazi asubuhi nzima. Gershom alipima, akauliza, akasikiliza. Mara akamchekesha Mwanatatu, na kicheko kile Mwidani alikijua, alikidhani ni chake peke yake. Mikono ya Mwidani ikafunga presi, ikafungua, bila kujua imefunga nini. Kisha, huku akitazama, akamwona Gershom akisogea dirishani, akachukua ule ubao uliokuwa umeegemezwa ukutani na kuuziba uwazi wote.

Mwidani hakukumbuka baadaye alivyofika pale. Aliusukuma mlango kwa bega.

"Mwafanya nini humu mmejifungia?"

"Mwidani!" Mwanatatu alishtuka.

"Dirisha hili nimelifungua mimi, nione nani aingia kwako! Leo mwalifunga mufanye nini?"

Bwana Ngala alitokea nyuma yake, mafundi wakajaa mlangoni. Gershom hakukasirika. Alikuwa ameshika vikombe viwili vya gundi.

"Tulikuwa tunataka kujua kama kufunga kutasaidia," akasema. "Kikombe hiki dawa yake imekaa wazi hapo dirishani tangu asubuhi. Angalia povu. Hiki kingine ni cha kopo lililofunguliwa sasa hivi, na kimeanza kukaza vizuri. Hii dawa inakunywa maji ya hewani, na hewa ya hapa wakati wa mvua ni maji matupu. Mizani ya huyu dada haina kosa." Akamgeukia Mwidani. "Kumbe dirisha ni wewe?"

Mwidani alikitazama kikombe chenye povu.

"Ile milango yote utaibandua wewe," Bwana Ngala akamwambia, "kwa patasi na kwa mikono yako."

Lakini Mwidani hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akimtazama Mwanatatu, ambaye kazi yake ilikuwa imeokoka na uso wake umefifia.

"Nilidhani ulinifungulia nipate hewa," Mwanatatu akasema polepole. "Nimewasimulia nyumbani. Mama yangu alikuombea dua."

Akampita bila kumgusa.

Tangu hapo Mwidani alikula peke yake. Akipiga simu dukani, Bi Mwanarehema alijibu, "Mwanatatu hayupo, mwanangu," na nyuma yake Mwidani alisikia kikohozi cha Mwanatatu. Kisha likaja la kummaliza. Bwana Ngala alimtuma Mwanatatu Bamburi kuitengeneza upya milango iliyokwisha pelekwa, akiongozwa na Gershom. Mwidani aliwaona wakiondoka asubuhi na gari la Gershom, Mwanatatu kajitanda leso mpya ya rangi ya zambarau. Alibandua mbao siku kutwa, na kila ubao aliobandua aliuona una tai ya buluu.

Jioni simu ya ofisi ililia. Bwana Ngala alikuwa ametoka. Mwidani akainyakua.

"Haloo? Bwana Ngala?" Ilikuwa sauti ya Mwanatatu.

"Ametoka. Ni mimi."

Mwidani alikuwa na swali lake la siku zote, amelishika tangu asubuhi.

"Mwambie dawa imetuishia. Alete makopo kesho, na yafungwe vizuri."

Sauti ilikuwa imekauka, karibu haitoki.

"Sauti hiyo imekuwaje?"

"Ni vumbi. Twabandua tangu tulipofika."

"Umekula?"

Kwa mbali nyundo ilikuwa ikigonga.

"Mwanatatu, umekula?"

"Bado."

"Hapo nje ya geti kuna mama auza viazi vya karai. Nenda ule kwanza, unywe na maji. Milango haikimbii."

"Mwidani."

"Naam."

"Simu zote ulizonipigia, waniuliza niko na nani. Hujawahi kuniuliza kama nimekula."

"Nimekukosea. Wallahi, sisemi gundi."

"Najua husemi gundi." Akakohoa. "Wazee wako na waje Ijumaa, baada ya swala. Baba atakuwepo. Na kazi siachi, uwaambie mapema."

"Nitawaambia."

"Haya. Naenda kula."

Mwidani alikwisha kuweka simu chini ndipo alipokumbuka kwamba hakuuliza Gershom yuko wapi. Alisimama kidogo, mkono ukiwa bado juu ya simu, kisha akachukua ufunguo wa stoo akaenda kutafuta makopo ya dawa.